Karatasi Aliyoibeba Onesimo

Somo: Waraka wa Paulo kwa Filemoni

Kama Biblia iko karibu nawe, tafadhali fungua waraka wa Paulo kwa Filemoni. Ni waraka mfupi, aya 25 tu, wala hauna sura ya pili. Wengi wetu huuruka tukitoka Tito tukienda Waebrania. Kama huna Biblia hapo ulipo, usiwe na wasiwasi, nitakusimulia. Lakini kwanza nikueleze jambo lililonirudisha katika waraka huo, na niseme mapema kwamba wanaohusika wamenipa ruhusa kulisimulia.

Jumapili moja mwaka wa 2023, baada ya ibada ya pili pale Kitengela, mama mmoja mjane alinifuata katika chumba kidogo tunamovalia kanzu. Mkononi alikuwa na bahasha, na ndani ya bahasha barua iliyokwisha kupigwa chapa. Ilikosa vitu viwili tu: sahihi yangu na muhuri wa kanisa. Barua ilisema kwamba mwenye kuichukua ni mshirika wetu, kwamba namfahamu tangu utoto wake, na kwamba hajapata kuwa na kesi na mtu yeyote. Nilipotazama jina nikaona ni la mwanawe wa pili. Na nilijua wazi kwamba anayetaka kusafiri ni yule wa kwanza.

Habari yenyewe ni hii. Kijana wa kwanza alikuwa makanga katika steji ya Kitengela. Mwaka 2019 ulizuka ugomvi kati ya makanga wa magari mawili, wakigombania abiria wa Nairobi. Ngumi zikarushwa, kioo kikavunjika, polisi wakaja. Wenye mbio walikimbia, yeye akakamatwa. Alilala seli tangu Ijumaa hadi Jumatatu, kisha akapelekwa mahakama ya Kajiado, akasomewa shtaka la kuzua fujo kwa namna ya kuvunja amani. Akakiri kosa. Hakimu akamtoza faini ya shilingi 5,000 au kifungo cha mwezi mmoja. Mama akauza mbuzi, akalipa, wakapanda gari wakarudi nyumbani jioni ile ile. Jambo likaisha.

Kwao liliisha. Lakini alama za vidole alizopigwa kituoni zilikuwa zimehifadhiwa.

Miaka minne baadaye akapata habari za kazi ya ulinzi huko Qatar. Ajenti akamwambia alete pasipoti, vyeti vya shule, na cheti cha mwenendo mwema kutoka kwa polisi. Nyinyi mliotafuta kazi mnakijua cheti hicho. Alilipa shilingi 1,050 kwa simu, akachapisha fomu ya C24, akaenda Kituo cha Huduma pale Kajiado, akapakwa wino vidole vyote kumi, akanawa, akangoja. Wenzake aliokuwa nao katika foleni walipata vyeti vilivyosema kwamba hakuna kosa lililoonekana. Chake kilitaja mahakama, namba ya kesi, kosa, na ile faini ya shilingi 5,000. Aliniambia baadaye kwamba alikisoma akiwa amesimama kando ya barabara, akakikunja, na hakumwambia mtu kwa siku tatu.

Ajenti hakushangaa. Alimwambia kuna njia mbili. Ya kwanza ni kununua cheti safi kutoka kwa watu fulani mjini Nairobi. Ya pili ni kusafiri kwa jina la mdogo wake, kwa maana wanafanana, na huyo mdogo hana doa lolote. Jamaa walikaa wakashauriana usiku kucha, wakachagua njia ya pili. Na unajua kwa nini, ndugu msikilizaji? Kwa sababu waliona ile ya kwanza ndiyo dhambi.

Mama yule aliniambia, "Mchungaji, huu si uongo kamili. Hawa ni ndugu. Titi ni moja."

Ningependa kukuambia kwamba nilikataa pale pale. Sikukataa. Nilishika kalamu. Nilimfikiria mama yule, ng'ombe waliokufa wakati wa ukame uliotupiga Kajiado hadi mwaka 2022, nyumba ya mabati isiyokwisha, karo. Nikamwambia aniachie barua niliombee jambo hilo, neno ambalo sisi wachungaji hulitumia sana tunapotaka kukimbia. Naye akaona kwamba nakimbia. Akasema kwa upole, lakini kwa uchungu, "Wewe huwezi kujua, Mchungaji. Wewe hujapata kushikwa."

Hapo ndipo aliponipiga mahali penyewe. Maana nimepata kushikwa.

Ilikuwa mwaka 2002. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, sijaokoka, nikifanya kibarua cha kupakia simiti Athi River. Jioni moja polisi walituzunguka mahali petu pa kunywa pale Kitengela, wakatubeba wote pamoja na mtungi. Nilifikishwa mahakama ile ile ya Kajiado kwa kosa la kupatikana na pombe haramu, nikakiri upesi ili yaishe, nikalipa faini. Mama yangu aliaga dunia bila kujua. Washirika wangu wengi wanajua habari hizi kwa mara ya kwanza leo, wakinisikiliza.

Nikaokoka, nikaitwa katika huduma, nikaenda chuo cha theolojia. Mwaka 2009 wanafunzi watatu tulichaguliwa kuzuru makanisa ya nchi moja ya ng'ambo kwa muda wa miezi miwili. Tukapewa fomu za visa. Katika ukurasa wa tatu palikuwa na swali: Je, umepata kuhukumiwa kwa kosa lolote katika nchi yoyote? Nikaandika, kwa mwandiko mzuri kabisa, "Hapana." Nilijiambia kwamba yule mtu wa mwaka 2002 alikufa siku niliyookoka, na maiti hajibu maswali ya ubalozi. Tazama jinsi mtu anavyoweza kuuvika uongo kanzu ya ibada.

Mkuu wetu wa chuo alikuwa mzee wa ushirika wa uamsho. Vijana wa leo huenda hamjui maana yake. Uamsho ule ulianza Gahini, Rwanda, ukafika kwetu Kenya mwaka 1937, na alama yake mojawapo ilikuwa kutengeneza mambo. Mtu akitubu hakuishia kulia kanisani. Alirudisha jembe aliloiba. Alikwenda ofisi ya serikali kulipa kodi aliyokuwa ameikwepa, na makarani wengine hawakujua hata waiandike wapi. Mkuu wetu alilelewa na watu wa namna hiyo. Alikusanya fomu zetu, akasema atazipeleka Nairobi asubuhi.

Usiku ule sikulala. Kabla ya sala za asubuhi nilimwendea nyumbani kwake, nikamkuta akimwagilia sukumawiki. Nikamwambia yote. Hakunigeukia. Aliendelea kumwagilia hadi mwisho wa tuta, akaweka debe chini, kisha akaniuliza, "Na yule kijana aliyesimama kortini Kajiado, umemwacha wapi? Maana Bwana alimfia yule. Huyu mwingine asiye na kosa, uliyemwandika hapa, mimi sijui kama Bwana anamjua."

Akanipa fomu nyingine. Nikaandika "Ndiyo," nikaeleza kosa, mwaka na faini. Yeye akaambatisha barua yake. Wenzangu wawili walipewa visa, wakapanda ndege. Mimi nilinyimwa, kwa barua ya mistari michache, na hata leo sijui kama ni kwa sababu ya kesi ile au kwa sababu sikuwa na fedha benki. Nilijifunika blanketi nikalia. Wala sikuona baraka yoyote katika jambo hilo kwa muda mrefu. Nasema hivyo kwa kuwa shuhuda za redioni mara nyingi huwa tamu mno mwishoni, na wewe unayesikiliza unajua kwamba maisha hayaendi hivyo kila mara.

Sasa tumtazame Onesimo. Alikuwa mtumwa wa Filemoni, mtu wa Kolosai. Akatoroka, na kwa jinsi Paulo anavyozungumza juu ya deni, yaelekea alikuwa amemtia bwana wake hasara. Huko alikokimbilia akakutana na Paulo akiwa kifungoni, akaamini. Ndipo ukaja wakati wa kurudi, safari ndefu, kwenda kwa mtu ambaye kwa sheria ya siku zile aliweza kumtenda vibaya sana. Paulo akaandika barua ya kumtambulisha.

Angalia mambo ambayo Paulo hakuandika. Hakusema kwamba huyu ni mtu mwingine. Hakumpa jina jipya. Hakudai kwamba hapakutokea neno lolote Kolosai. Anakiri waziwazi kwamba Onesimo zamani hakumfaa bwana wake kitu, na hapo anacheza na jina lenyewe, kwa kuwa Onesimo maana yake ni mwenye kufaa. Anataja deni. Halafu anachukua kalamu mwenyewe na kuandika kwamba kama kuna hasara, ihesabiwe juu yake, atalipa yeye. Na anamwomba Filemoni ampokee mtoro huyu kama ambavyo angempokea Paulo mwenyewe.

Tena fikiri ni nani aliyeibeba barua. Katika waraka kwa Wakolosai Paulo anamtaja Onesimo akisafiri pamoja na Tikiko kwenda huko huko. Basi yaelekea barua ile ilisafiri na mtu yule yule aliyeandikwa ndani yake. Siku baada ya siku alitembea njiani na kosa lake limeandikwa na kukunjwa mfukoni, hadi mlangoni kwa mtu aliyemkosea. Angeweza kuitupa mtoni. Hakuitupa, maana katika karatasi ile ile iliyotaja kosa lake ndimo aliitwa mwana na ndugu.

Niliposoma hayo Jumapili ile usiku, niliona kwamba mimi nilikuwa nikiombwa barua ya namna nyingine kabisa. Barua ya kusema "hana kosa" hainigharimu kitu, ni wino tu. Barua ya kusema "alikosa, alilipa, nami nasimama naye" ndiyo inayoniweka mimi pia kizimbani.

Jumatatu nikaenda nyumbani kwao. Nilianza na habari yangu ya mwaka 2002. Mama akanitazama kwa muda, akasema, "Kumbe." Kisha nikazungumza nao juu ya yule mdogo, ambaye alikuwa ameketi kwenye mkeka bila kusema neno, mtoto wa miaka 19. Niliuliza kaka akikaa Qatar miaka miwili kwa jina lake, yeye atapataje pasipoti? Akitaka kazi, atatumia jina la nani? Na kaka akidhulumiwa huko, akienda kulalamika kwa ubalozi wetu, atajitambulisha vipi? Tena tusifichane jambo zito zaidi. Mwaka 2021 bunge letu liliambiwa kwamba Wakenya 89 walikuwa wamefariki Saudi Arabia katika muda wa miaka miwili. Nikamuuliza mama, "Akirudi katika sanduku, tutaandika jina la nani juu ya msalaba?" Pengine nilikuwa mkali kupita kiasi. Lakini ndipo mama aliponyosha mkono akaichukua bahasha ile.

Hapa nataka niseme jambo la kawaida kabisa, ingawa mimi si wakili. Wengi hudhani kwamba kosa dogo la zamani limefunga kila mlango wa dunia, na kwa hofu hiyo hudanganya mahali ambapo ukweli ungewapitisha. Si hivyo. Kwa kanuni za Uingereza zilizoanza Desemba 2020, anayefungiwa mlango kwa lazima ni yule aliyehukumiwa kifungo cha miezi 12 au zaidi. Mgeni anayeomba kuzuru kwa mara ya kwanza, ambaye alitozwa faini tu na zaidi ya miezi 12 imepita tangu hukumu, hafungiwi kwa lazima, bali maafisa hupima. Lakini anayegunduliwa amedanganya katika ombi lake aweza kuzuiwa miaka 10. Marekani nayo fomu yake inauliza kama umepata kukamatwa au kuhukumiwa, hata kama ulisamehewa baadaye. Sheria yao ina nafasi kwa mtu mwenye kosa dogo moja tu, ambalo adhabu yake ya juu haipiti mwaka mmoja na hukumu yake haikupita miezi 6, ingawa makosa ya dawa za kulevya hayamo katika nafasi hiyo. Aliyedanganya ili apate visa, yeye aweza kufungiwa maisha yake yote asipopewa msamaha maalum. Basi unaona, ndugu yangu, mara nyingi uongo una adhabu kubwa kuliko ile fujo ya steji. Nchi za Ghuba zina desturi zao, na kule mara nyingi mwajiri mwenyewe ndiye anayetazama karatasi na kuamua.

Wiki iliyofuata mimi na yule kijana tulipanda matatu kwenda Kajiado kupitia Isinya. Hatukuzungumza sana njiani. Tulikwenda mahakamani kutafuta nakala ya hukumu iliyothibitishwa, kwa maana cheti cha polisi husema kosa kwa ufupi tu, na mtu wa mbali akisoma neno "fujo" aweza kuwaza mambo makubwa. Tuliambiwa turudi, tukarudi, tukangoja tena. Nikaketi kwenye benchi nje. Sikumbuki kama ni benchi lile lile la mwaka 2002. Mabati yalikuwa yakilia kwa jua kama siku ile.

Karani alipotuletea faili tukasoma pamoja. Mlikuwa na maneno ambayo kijana hakujua kwamba yameandikwa. Upande wa mashtaka ulisema hana rekodi ya awali. Yeye mwenyewe, kabla ya hukumu, aliulizwa kama ana la kusema, na hakimu aliandika kwa mkono: anaomba msamaha, anamtunza mama yake. Kijana alirudia kusoma mstari huo. Akasema, "Nilisema hivyo? Mimi nilidhani sikusema kitu, niliogopa sana."

Tukalipia nakala, tukaambatisha na risiti ya faini ambayo mama alikuwa ameihifadhi ndani ya Biblia yake. Nami nikaandika barua, ukurasa mmoja. Nikataja kosa katika mstari wa pili, nisije nikakosa ujasiri nikifika mwisho. Nikaandika kwamba tangu mwaka 2019 ameishi kati yetu bila ugomvi, na kwamba mwajiri akitaka kuuliza neno aniulize mimi, nikaweka namba ya simu.

Yule ajenti alicheka, akawarudishia vyeti vyao. Tukatafuta ajenti mwingine, safari hii tukihakikisha kwamba ameandikishwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Huyu alizipokea karatasi zote kama zilivyo. Mwajiri wa kwanza alikataa. Wa pili hakujibu. Kijana alipata kazi ya kuendesha gari la kuuza maji hapo Kitengela, na bado anaifanya ninapoandika haya, akiendelea kutuma maombi yake kwa jina lake. Mdogo wake naye amepata pasipoti, kwa jina lake.

Wako wazee wa kanisa walioniambia kwamba haifai mchungaji kutangaza mambo ya seli redioni. Nimewasikia, nami nawaheshimu. Lakini tangu habari hii ianze kujulikana kwetu, wamekuja ofisini watu sita, wengine wenye mvi, kila mmoja na karatasi yake ya zamani. Kama unayo ya kwako, mwendee mchungaji wako, kisha nenda katika mahakama iliyokuhukumu ukaombe nakala yako. Jua namba ya kesi na mwaka, utawapunguzia makarani kazi.

Nilipomwomba mama yule ruhusa ya kusimulia haya, alifikiri kidogo akasema, "Sema yote, Mchungaji. Ila usitaje bei niliyouza wale mbuzi, maana nilipunjwa."

Na tuombe. Ee Bwana, wakumbuke watakaopakwa wino vidole kesho asubuhi, pale Kajiado na katika foleni ya barabara ya Kiambu. Mkumbuke na yule anayeshika kalamu usiku huu mbele ya lile swali la ukurasa wa tatu, na umkalishe karibu na mtu atakayesimama naye. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.